Gari Letu, Jina la Mtu Mwingine

Naanza na harufu ya ndani ya gari: petroli, sponji ya kiti iliyokaangwa na jua, na usipa, wale samaki wadogo wakavu wa ziwani ambao hata ukiosha sakafu kwa sabuni mara tatu bado wanakuambia kwamba walipita hapo. Nilikuwa na miaka kumi, na tulikuwa tunaishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Gari lenyewe lilikuwa kamyoneti kuukuu, kibini mbele na bodi wazi nyuma, la rangi ya bluu iliyopauka mpaka watu wakabishana kama ni bluu au kijivu. Lilikuwa gari la kwanza la nyumba yetu, na nadhani la kwanza katika ukoo wetu wote, kwa sababu hata kule kwetu Bukavu, Kongo, Papa alikuwa fundi cherehani wa kutembea kwa miguu. Wengine wangepiga vigelegele mtaa mzima ujue. Sisi tulifunga mlango mchana kweupe, tukaketi kitandani, Papa, Mama, mimi na mdogo wangu, na Papa akatuambia kwamba kuanzia siku hiyo yeyote atakayetamka maneno "gari yetu" atamtambua yeye ni nani.

Sababu ya kwanza ilikuwa dosie. Kila familia kambini ilikuwa na dosie, yaani faili lililolala ofisini likisubiri siku ambayo jina lenu lingebandikwa ubaoni na mkaitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa nchi ya mbali. Hakuna aliyejua kilichoandikwa ndani ya faili lake, na kwa kuwa hatukujua lolote, tulijua kila kitu. Watu walisema ukionekana na televisheni, faili lako linawekwa chini ya mengine. Ukionekana na gari linatolewa kabisa, maana mwenye gari hana shida, na asiye na shida anakwenda kufanya nini Ulaya? Ukiuliza nani amesema hivyo, jibu lilikuwa moja tu: watu. Papa hakuwa mjinga, alikuwa amesoma, lakini na yeye aliwaamini hao watu kuliko alivyomwamini mtu yeyote mwenye jina.

Sababu ya pili ilikuwa kadi ya gari. Kambini ilijulikana kwamba mkimbizi hawezi kuandikisha gari kwa jina lake, au kwamba akiandikisha atajitafutia balaa. Kama ilikuwa sheria au hofu tu sijui mpaka leo, kwa sababu sikuwahi kukutana na mtu aliyekwenda dirishani akauliza. Desturi ilikuwa kutafuta Mmalawi unayemwamini, ukaazima jina lake. Papa aliazima la Bambo Lyson. Bambo kwa Kichewa ni baba au bwana, na huyu alikuwa muuza mbao wa Kauma, pembeni mwa Lilongwe, ila kijiji chake cha kuzaliwa kilikuwa nyuma ya vilima vya Dzaleka, na kila msimu wa mvua alirudi huko kulima mahindi. Papa alikuwa amewashonea sare wanakwaya wa kanisa lake, na urafiki wao ulianzia kwenye kupimana mabega.

Mama hakuupenda mpango huo hata kidogo. Nilimsikia akimwambia Papa, kwa Kiswahili chetu cha Kongo ambamo papiye ni karatasi na njo ni ndiyo, huku anachambua maharage na macho yako kwenye ungo:

"Papa Nsimire, muandikiane hata ka-papiye kamoja."

"Papiye iseme nini? Kama gari njo yangu? Na siku papiye ile itaonekana?"

"Basi na siku ataikamata?"

"Bambo Lyson ni muntu ya Mungu."

"Na bale balituchomea nyumba, nabo balikuwa bantu ba Mungu," Mama alisema. "Tulikuwa tunasali nabo kanisa moja."

Papa akatoka kwenda kuangalia matairi. Hawakuandikiana kitu. Lakini maneno ya Mama yalinikaa, na nadhani ndipo nilipojifunza kumwangalia mtu mikono yake wakati anacheka. Mimi ni mtu wa shaka, sifichi. Mume wangu husema hata nikipewa maji ya kunywa huwa nanusa kwanza.

Kisha yakaanza masomo. Kila jioni kabla ya chakula Papa alitupanga mbele ya meza na kutuuliza. Gari njo ya nani? Ya Bambo Lyson. Papa yenu iko anafanya kazi gani? Iko shoferi. Shoferi ya nani? Ya Bambo Lyson. Nani analipa essence, yaani petroli? Bambo Lyson. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita na aliimba majibu hayo mpaka akayafanya mchezo wa kuruka kamba. Mimi nilikuwa mkubwa, nikapewa mtihani mgumu zaidi. Siku moja Papa aliniita peke yangu, akainama, akaweka mkono begani pangu na kusema kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeizoea: "Nsimire, sema tu kweli. Usiogope. Gari njo ya nani?" Nikayeyuka. Nikasema, njo yetu, Papa. Sikio langu liliwaka moto siku hiyo, na kwa wiki nzima chai yangu haikuona sukari. Alirudia mtego huohuo mara nyingine, kwa sauti ileile na mkono uleule begani, na sikunaswa tena. Nikijibu inavyotakiwa alisema, "Ulijibu vizuri," na kunitilia sukari mwenyewe.

Papa naye aliucheza ushoferi wake barabara. Alivaa ovaroli ambayo hakuihitaji. Alilaumu bosi wake mbele za watu, eti bosi haelewi, bosi anataka tu hesabu ya safari. Bambo Lyson alipokuja kambini Papa alimfungulia mlango wa gari na kusimama pembeni, mikono nyuma, na Bambo Lyson, mtu mnene mwenye aibu, alizunguka akipiga teke matairi kidogo kidogo kwa sababu alikuwa ameambiwa mwenye gari hufanya hivyo. Mwanzoni alikuwa akitoka jasho. Baadaye alizoea. Mama alimtazama dirishani akipanda na kukaa, akanong'ona, "Unamuona anavyokaa?" Na kweli, nilipomwangalia, nikaona amekaa kama mtu aliye kwake.

Likaja suala la mlango. Bambo Lyson alipendekeza jina lake lichorwe kwenye milango yote miwili, ili wanapopita kwenye vizuizi barabarani pasiwe na maswali kwamba gari ni la nani na huyu mgeni anayeliendesha ni nani. Papa alifurahi, akaona ni akili. Fundi wa mabango akachora kwa rangi nyeupe, herufi zenye vivuli, jina kamili na chini yake neno "Usafirishaji" kwa Kichewa. Majirani walikuja kulitazama. Mama alisubiri waondoke, kisha akasema leo amepewa mlango, kesho atachukua usukani. Tangu hapo aliamua niwe nakwenda nao Lilongwe kila Jumamosi, nikae katikati yao kwenye kibini, nisikie wanachosema na nimletee habari. Kwa Papa alisema nakwenda kumsaidia kuchagua vitambaa.

Kwa hiyo utoto wangu wa Jumamosi ulikuwa wa upelelezi. Tulipakia maharage, vitanda vya mbao na akina mama wenye vikapu, tukashuka kuelekea barabara kuu huku upepo ukiingia kwenye tundu la sakafu na kunipulizia vumbi magotini. Kanengo, eneo la viwanda, tuliitambua kabla ya kuiona, kwa harufu ya tumbaku, tamu na kali, iliyonifanya nipige chafya. Kisha Kauma, ambako Bambo Lyson alitungoja kando ya mbao zake, kisha Kawale na soko. Nilihesabu mara alizogusa usukani. Niliripoti kwamba ameuliza leseni inapatikanaje. Niliripoti kwamba amemwambia mtu sokoni "galimoto yanga", gari langu, na sikuripoti kwamba alilazimika kusema hivyo kwa sababu mtu huyo alikuwa ametoka kambini. Alipenda kutununulia mandazi ya moto, yale ya mviringo yanayotoa mafuta kwenye karatasi, na mimi sikula langu mpaka nimwone amekula lake na hajaanguka. Nilidhani sionekani. Jumamosi ya tatu alichukua andazi langu, akalikata katikati, akatafuna nusu polepole mbele yangu, akameza, kisha akanipa nusu iliyobaki bila kusema neno. Alifanya hivyo kila Jumamosi baada ya hapo. Hilo nalo sikuliripoti.

Wakati sisi tukimchunguza yeye, mtaa ulikuwa unatuchunguza sisi. Jirani yetu Mama Jolie, aliyeuza nyanya mbele ya mlango wetu na kuona kila kitu, alimuuliza Mama kwa nini gari ya Mmalawi inalala kwa shoferi. Wengine walisema shoferi gani huyu, mke wake amebadilisha vitenge viwili msimu mmoja. Kulikuwa na walionyamaza tulipopita bombani. Papa aliwajibu wote kwa utulivu, mmoja mmoja: hapana, hapana, mi niko mutumishi tu, muulize mwenyewe akifika. Alisema hivyo kanisani, alisema kwa kinyozi, alisema kwa wazee wa mtaa. Sikujua mtu mwingine aliyetumia nguvu nyingi namna hiyo kujivua kitu chake mwenyewe, na nilimwona ni hodari sana.

Mvua za mwanzo zilipokaribia ikaja hadithi. Mtu alimsimulia Mama kuhusu Mrundi mmoja wa upande wa pili wa kambi, ambaye mwenye jina la kadi alikuja kwake akilia, kwamba kuna msiba, aazimwe gari hadi kesho. Akapewa. Hajarudi mpaka leo, gari liko Chinsapo, huko huko Lilongwe, limepakwa rangi nyingine. Mama alimsimulia Papa, Papa akamsimulia Déo, fundi wetu wa gari, na Déo akasema na yeye aliisikia, tena mwenye jina alilia machozi ya kweli. Kwa siku tatu nyumbani hakukuwa na mazungumzo mengine. Papa, ambaye ndiye aliyekuwa akimtetea Bambo Lyson, alianza kulala na funguo mfukoni.

Siku ya nne, saa sita mchana, baiskeli ya kabaza, hizo zinazobeba abiria kwa malipo, ilisimama mbele ya nyumba yetu na mwanamke akashuka. Alikuwa Mayi Esnart, yaani Mama Esnart, mke wa Bambo Lyson. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisema mumewe alikuwa kijijini akilima, ameanza kuumwa tumbo tangu juzi, sasa hawezi hata kusimama, na amemtuma aje aombe gari limpeleke hospitali mjini. Alisema neno hilo, aombe, na hakuna kati yetu aliyelisikia. Mama alimwangalia Papa. Papa alimwangalia Mama. Nilijua walikuwa wanamfikiria yule Mrundi. Mama akamkaribisha mgeni kiti na maji, akamwuliza ugonjwa ulianzaje, na wakati huo Papa akazunguka nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Alikuwa ameinua boneti na anafungua betri. Aliibeba ndani kupitia mlango wa nyuma, akaisukuma chini ya kitanda, akaniwekea kidole mdomoni.

"Mayi, pole sana," akamwambia mgeni alipotoka mbele, kwa Kichewa chake cha kubabaisha. "Gari limeharibika. Halijawaka tangu jana."

Mayi Esnart alisimama. Alikwenda mpaka kwenye gari, ambalo lilikuwa limerudi kutoka sokoni asubuhi hiyohiyo, na akaweka kiganja juu ya boneti kama anavyowekewa mtoto mwenye homa. Akakiacha hapo muda kidogo. Kisha akakiondoa, akasema "zikomo," yaani asante, akapanda nyuma ya baiskeli, na yule kijana akaanza kukanyaga kuelekea vilimani. Mama alisema, "Umeona? Ameondoka mbio, angekuwa na mugonjwa ya kweli angelia." Nilikubaliana naye. Naandika hivi kwa sababu nimechoka kusema kwamba nilikuwa mtoto: nilikubaliana naye, na nilijisikia fahari kwa betri iliyofichwa.

Bambo Lyson alibebwa kwa kabaza hadi barabarani, kisha kwa basi dogo, na akafia hospitali siku ya pili. Sisi tulipata habari wakati wa mazishi. Papa alitaka kwenda, akavaa koti, akalivua. Hakuna anayeweza kusema kama gari lingemwokoa. Nyumbani kwetu tulilisema hilo mara nyingi, tena bila kuulizwa.

Wiki moja baada ya matanga walikuja ndugu zake marehemu, wajomba na wapwa, wakiwa na kadi mkononi na hasira usoni. Sikuwaona kama wezi hata siku ile. Walikuwa na kadi yenye jina la ndugu yao, walikuwa na milango miwili yenye jina la ndugu yao, na walikuwa na habari kwamba shoferi wake alimnyima gari lake mwenyewe alipokuwa anakufa. Walitaka wachukue gari na shoferi afukuzwe. Papa alikataa, wakaenda kwa mfumu, chifu wa eneo lile, na tukaitwa sote siku ya Jumanne asubuhi uwanjani kwake, wanaume kwenye mabenchi na wanawake chini kwenye vitenge. Nusu ya mtaa wetu ilikuja.

Hapo ndipo Papa aliposema ukweli kwa mara ya kwanza. Alisimama akasema gari ni lake, alilinunua kwa miaka yake ya cherehani, jina aliliazima tu. Mwalimu mmoja alitafsiri. Ndugu za marehemu walicheka, si kwa dharau, walicheka kama mtu anayesikia uongo wa kitoto. Mfumu, mzee mpole aliyesikiliza huku akikuna goti, aliuliza kama kuna maandishi. Hakuna. Kama kuna shahidi. Papa akamtaja Déo, lakini Déo alikuwa na dosie yake na hakuja. Mfumu akawauliza majirani. Mama Jolie alisimama, na nilimwona anasikitika kweli, hakuwa na ubaya. "Mzee, mi sitasema uongo," alisema. "Yeye mwenyewe alituambiaka kila siku. Eti gari haiko yake, eti iko mutumishi tu. Batu bote balisikia." Wakasimama watatu wengine, wakasema hivyohivyo, na wote walikuwa wanasema kweli tupu.

Mfumu akatazama huku na huku, macho yake yakaniangukia mimi. Akasema mtoto aulizwe. Nilisimama katikati ya uwanja. Papa alikuja mpaka nilipo, akainama, akaweka mkono begani pangu, na kwa sauti laini, ileile, akasema:

"Nsimire, sema tu kweli. Usiogope. Gari njo ya nani?"

Nilitazama uso wake kutafuta ishara na sikuiona, kwa sababu kwenye mtihani pia hakukuwa na ishara, ndiyo maana ya mtihani. Nyuma ya watu nilimwona mwanamume nisiyemjua mwenye kitambulisho kifuani na kalamu mbili mfukoni, na nikamaliza hesabu yangu yote papo hapo: huyu ni wa ofisi, Papa amemwona, hii ndiyo siku yenyewe tuliyojiandaa. Nikasema kwa sauti kubwa, na kwa Kichewa ili wasihitaji mkalimani, kwamba gari ni la Bambo Lyson na baba yangu ni dereva wake. Watu walipiga makofi ya taratibu, yale ya heshima. Mfumu akaniambia zikomo. Mkono wa Papa ulibaki begani pangu, nikausikia unazidi kuwa mzito.

Yule mwenye kitambulisho alikuwa mtu wa kupima mashamba, alikuwa amepita tu.

Walilichukua gari siku hiyohiyo. Mpwa wa marehemu alijaribu kuliondoa akashindwa, akawa anakwaruza gia mpaka Papa, aliyekuwa amegeuka ili asione, akashindwa kuvumilia. Akaenda kumwonyesha: kanyaga mara mbili, vuta kwanza, halafu ndipo uweke ya pili. Likaondoka. Tulirudi kwa miguu, Papa mbele na mimi nyuma yake, na nilikuwa nangoja kofi kwa hamu kuliko nilivyowahi kungoja kitu. Karibu na bomba alipunguza mwendo mpaka nikamfikia. "Ulijibu vizuri," akasema. Sikuweza kunywa chai yenye sukari kwa miaka mingi.

Dosie yetu haijaitwa mpaka leo. Papa amezeeka Dzaleka, bado anakwenda kusoma majina ubaoni akiwa na miwani iliyofungwa uzi. Familia mbili za mtaa wetu zilizokuwa na magari waziwazi zilishaondoka, moja ilisafiri huku imeliacha lake uani, na tulipowauliza kwa simu walisema hakuna aliyewauliza habari ya gari hata siku moja. Mama hakuwaamini. Alisema lazima kuna kitu hawatuambii. Mimi naishi Kawale, nina mume kutoka Uvira, nashona sare za shule, na mwaka huu nimenunua kigari changu cha kwanza, cheupe, cha milango minne, cha kusambazia sare. Na kadi? Kwenye kadi nimefanya kama baba yangu. Sikwenda dirishani kuuliza. Nilikaa nikapitisha majina yote ya Wamalawi ninaowafahamu, wateja, waumini, majirani wema walionipikia nsima, ugali wa kwao, nilipojifungua, na kila mmoja nilimpata na dosari. Mwisho nikabaki na mtu mmoja tu katika Lilongwe nzima, na ilinichukua mwezi kupata ujasiri wa kwenda kwake.

Mayi Esnart alikuwa bado Kauma. Alinitambua kabla sijajitaja. Hakuniambia karibu, hakuniambia toka, akaniachia nafasi kwenye mkeka. Niliposema nimefuata nini, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha ghafla. Akaniambia ambalo hakuwahi kumwambia mtu wa kwetu. Aliporudi kijijini siku ile akamwambia mumewe kwamba shoferi wake amemnyima gari, Bambo Lyson alimjibu kwamba lile si gari lake na halikuwa lake hata siku moja, ni la fundi, na fundi akikataa basi ana sababu, asimlaumu. Mayi Esnart mwenyewe alikuwa hajui mpaka saa hiyo. Hospitalini Bambo Lyson aliwaambia ndugu zake vilevile, wakasema ni homa. "Na mimi kwa mfumu ningeweza kusimama nikasema," aliniambia. "Nilikaa pale nyuma na wajane. Nilikutazama ukijibu. Lakini niwasemee nyinyi? Nyinyi?" Nilitaka kumwomba msamaha na Kichewa chote kikaniishia. Nililia, basi, nikiwa mtu mzima na mteja wa karanga anazouza amesimama mlangoni anangoja kuhudumiwa.

Alimhudumia. Akarudi akakaa, akasema jina lake nichukue, halina kazi nyingine. Kisha akaniuliza swali moja. "Mimi nikiugua, utakuja?" Nikasema nitakuja. Alinitazama muda mrefu, na nikajua mtazamo ule, nimeuona nyumbani kwetu maisha yangu yote, ila sikuwahi kuwa upande huo wa macho. Aliandika namba yangu ya simu ukutani kwa mkaa, kwa tarakimu kubwa.

Tangu hapo amenipigia mara mbili, na mara zote mbili alisema hivi: njoo, naumwa. Mara ya kwanza, na ninaona haya kuandika, nilimuuliza anaumwa nini, tangu lini, na nani yuko naye hapo, na alipokwisha kunijibu ndipo nikachukua funguo. Nilipofika mlango ulikuwa umefungwa na hakunifungulia. Mara ya pili sikuuliza. Niliacha sare kwenye cherehani sindano ikiwa ndani ya kitambaa, nikawasha gari, nikamkuta ameketi barazani kwake anamenya karanga, mzima kabisa. Alisema alitaka tu kujua kama ningekuja.